Wahitimu wenu wako wapi? Barua ya wazi kwa waendeshaji wa mipango ya uanagenzi wa programu huria Uganda

Kwa waratibu wa mipango ya uanagenzi wa programu huria, wafadhili wao, na wakuu wa vitivo vya kompyuta nchini Uganda

YAH: KUWAFUATILIA WANAGENZI BAADA YA KUMALIZA

Waheshimiwa,

Tunawaandikia juu ya karatasi moja ambayo wengi wenu hamna: orodha ya waliomaliza mpango wenu miaka miwili iliyopita, na mbele ya kila jina maneno mawili matatu ya kusema yuko wapi leo. Orodha ya walioomba mnayo. Ya waliochaguliwa mnayo pia, pamoja na picha ya siku ya kufunga, fulana mpya zimevaliwa juu ya mashati. Ya baada ya hapo ama haipo, ama imo ndani ya simu ya mratibu aliyekwisha kuhamia kazi nyingine.

Ilivyotokea tunaielewa. Mipango mikubwa ya kimataifa mliyoiga, inayowalipa wanaoanza kuchangia programu huria (programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote), yaani Google Summer of Code iliyoanza 2005 na Outreachy iliyochipukia kwenye mradi wa programu huria wa GNOME mwaka 2006, hupata majibu ya wanagenzi bila kuhangaika kwa sababu malipo hufuata tathmini. Katikati ya kazi fomu inajazwa, mwishoni inajazwa tena, fedha zinatoka. Hata mtu anayechukia fomu huijaza kwa wakati. Malipo ya mwisho yakishaingia, fomu ya mwezi wa sita baada ya kumaliza inamkuta mtu asiye na cha kupata wala cha kupoteza. Nyinyi mmechukua muundo pamoja na ufa wake. Mpango unaopokea maombi kutoka dunia nzima unaweza kuishi na ufa huo. Mpango wa watu 30 wa Kampala, Mbarara au Gulu hauwezi, maana hao 30 ndio mngewategemea kuwa walezi wa mwaka kesho, yaani wa kuwaongoza wanagenzi wapya.

Ombi letu ni kwamba ufuatiliaji upewe mtu, saa na fedha, na uanze siku mwanagenzi anapojiandikisha. Hesabu yake si kubwa. Watu 30, kila mmoja akitafutwa mara tano (wiki ya pili baada ya kumaliza, mwezi wa 3, wa 6, wa 12 na wa 24), ni mazungumzo 150. Kila moja likichukua dakika 20 pamoja na kuandika majibu, ni saa 50. Zidisha mara mbili kwa ajili ya simu zisizopokelewa, unapata saa 100 ndani ya miaka miwili. Hotuba za ufunguzi na maandalizi yake hula saa zaidi ya hizo. Lakini saa 100 zisizoandikwa kwenye bajeti hazifanyiki: mratibu atazisogeza hadi wiki ijayo, na wiki ijayo kuna kundi jipya la kupokea.

Siku ya kujiandikisha ndiyo siku ambayo mambo huharibika bila mtu kujua. Wanafunzi wengi huandika anwani ya barua pepe ya chuo kwa sababu ndiyo inayoonekana rasmi. Akihitimu, anwani inafungwa, na barua zenu za mwezi wa 12 zinarudi au, vibaya zaidi, zinatumbukia kimya. Ombeni anwani yake binafsi, na mtume barua ya majaribio palepale akiwa mbele yenu aifungue. Chukueni namba mbili za simu: yake, na ya mtu ambaye hahamihami, awe mama, mjomba au mwenye duka jirani, kwa idhini ya mtu huyo mwenyewe. Laini isiyotumika kwa muda hugawiwa mteja mwingine. Unaandika ujumbe wa kumsalimu mhitimu wako, anajibu mzee wa Masaka ambaye hajui programu huria ni nini, na kwa adabu anakuuliza kama una kazi.

Kuna njia ya haraka ya kukagua namba kabla ya kupiga: anza kutuma pesa kwa simu, jina lililosajiliwa litajitokeza kabla hujaweka namba ya siri, kisha ghairi. Tahadhari tu kwamba wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu. Jina lisilolingana ni sababu ya kupiga na kuuliza kwa upole. Lisiwe sababu ya kumfuta mtu kwenye orodha.

Msitegemee mtandao wa kijamii mmoja. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook ikafungiwa mwezi huohuo. Makundi ya wahitimu yaliyokuwa huko yalibaki kama nyumba iliyohamwa. Makundi ya WhatsApp nayo yana maradhi yake. Fungua lolote lenye mwaka mmoja usome kuanzia juu: wiki ya kwanza ni pongezi na picha. Mwezi wa pili yanaingia matangazo ya kazi, nusu yake yamekwisha muda. Mwezi wa nne kuna mchango wa msiba, halafu mtu anapachika kiungo cha kubashiri mpira. Mtu wa kwanza anatoka bila kuaga, wa pili anafuata. Kufika Krismasi anayeandika ni mratibu peke yake. Kundi linafaa kwa matangazo. Kumuuliza mtu hali yake kunataka simu ya mtu mmoja mmoja, maana mbele ya wenzake 29 hakuna atakayeandika kwamba hana kazi.

Sasa upande wa msimbo. Wengi wenu mnaandika jina la mtumiaji la GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, na kuona mmemaliza. Jina hilo linabadilishwa kwa dakika moja, na likiachwa mtu mwingine anaweza kulichukua. Kisichobadilika ni namba ya akaunti. Ukifungua api.github.com/users/ ukaongeza jina la mwanagenzi mwishoni, utaiona kwenye mstari wa "id". Andikeni namba hiyo kwenye orodha. Akifuta akaunti yote, maoni yake ya zamani hubaki chini ya jina la "ghost", na hapo hakuna hesabu itakayomrudisha. Lakini kazi yake ndani ya git, programu inayotunza historia ya msimbo, inabaki na anwani aliyoitumia, na hapo ndipo pa kumtafutia.

Tatizo ni kwamba mtu mmoja huonekana kama watu watatu. Wakati wa uanagenzi alituma msimbo kwa anwani ya chuo. Alipoajiriwa, kompyuta ya ofisi ikawekwa anwani ya ofisi. Akirekebisha jambo dogo kupitia kivinjari, GitHub huweza kutumia anwani ya kuficha inayoishia na users.noreply.github.com. Anayehesabu kwa anwani ya kwanza pekee atatangaza kwamba mhitimu ameacha, kumbe yuko palepale. Dawa ni faili la .mailmap kwenye mzizi wa hifadhi ya msimbo, mstari mmoja kwa kila anwani ya zamani:

Jina Kamili <anwani@mpya> <anwani@ya-zamani>

Faili likishakuwepo, amri hii inaunganisha majina yenyewe:

git shortlog -sne --since=2024-09-01 HEAD

Neno HEAD hapo mwishoni lisisahaulike. Mkiandika amri kwa mkono bila hilo, inafanya kazi. Mkiiweka kwenye kazi ya kujiendesha usiku, git inadhani mnataka kuiletea maandishi kutoka kwingine, inasubiri au inatoa karatasi tupu, na ripoti ya robo mwaka inasema mchango ni sifuri. Jambo la pili, --since huangalia tarehe ya kuingizwa kwa badiliko, na tarehe hiyo huanza upya msimbo unapopangwa upya kwa rebase. Kazi ya Julai inaweza kuonekana ya Novemba, na mtu aliyekwisha kuondoka akaonekana yupo. Jambo la tatu ni miradi inayobana mabadiliko yote ya ombi moja la kuingiza msimbo kuwa badiliko moja. Aliyefungua ombi ndiye anayepewa jina, na wenzake huandikwa chini kama waandishi wenza. Kuwahesabu hao, ongezeni --group=author --group=trailer:co-authored-by. Kwa Git ya zamani kuliko 2.29 maneno hayo hayafanyi kazi.

Pamoja na hayo yote, kumbukumbu za git hazimwoni kila mtu. Chukueni OpenMRS, ambayo ndiyo msingi wa UgandaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika vituo vya afya hapa nchini. Mhitimu wenu aliye Lira au Arua, anayesimika mfumo huo kituoni, anayemfundisha karani kuingiza kadi za kliniki na kurekebisha fomu zisizolingana na rejista ya karatasi, anaweza kupitisha mwaka mzima bila mstari mmoja wa msimbo wenye jina lake. Vivyo hivyo anayetengeneza ripoti za wilaya ndani ya DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, anayesoma na kuhakiki sentensi za Kiganda kwenye Common Voice, mradi wa kukusanya sauti za lugha mbalimbali, au anayejibu maswali ya wageni wa mradi. Kwa hesabu ya git amepotea. Kwa hesabu yetu huyo ndiye aliyefika mbali. Hayo hamtayajua bila kuuliza.

Basi kuuliza. Maswali saba yanatosha, na yajibike kwa kidole kwenye simu ndogo: unafanya nini sasa (kazi ya malipo, masomo, shughuli yako mwenyewe, kutafuta kazi, majukumu ya nyumbani); uko wilaya gani; una kompyuta inayofanya kazi; ndani ya siku 90 zilizopita umegusa programu huria yoyote kwa namna yoyote; kama hapana, kilichozuia ni nini; ungependa nini kutoka kwetu; tukutafute tena? Swali la tano ndilo lenye thamani kuliko mengine yote, liacheni wazi bila machaguo. KoboToolbox, chombo cha kutengeneza fomu za kukusanya majibu, inafaa kwa kazi hii, maana fomu ikishafunguliwa mara moja inajazika bila mtandao na kutumwa baadaye. Fomu inayomlazimisha mtu kuingia kwa akaunti kwanza inapoteza watu mlangoni.

Kama hajajibu kwa siku saba, pigeni simu. Jioni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili ni muda mzuri, Jumapili asubuhi ni muda mbaya. Mpigaji asiwe bosi wala mfadhili. Anayepata majibu ya kweli ni mhitimu wa kundi lililotangulia, anayelipwa kwa saa hizo na anayeweza kuzungumza kwa Kiganda, Kinyankole, Kiacholi au Kiswahili kadiri anayepokea anavyopenda. Mtu akiulizwa kwa Kiingereza cha ofisi hujibu kwa Kiingereza cha ofisi: "Niko sawa, asante kwa fursa." Akiulizwa kwa lugha ya nyumbani husema laptopu iliharibika Machi.

Na hapo tumegusa jambo ambalo kila mwenye kufuatilia hulisikia mapema. Laptopu ilikuwa ya kuazimwa, ikarudishwa siku ya mwisho. Mmemfundisha mtu miezi mitatu, halafu mmemnyang'anya jembe mlangoni, kisha mnaandika kwenye ripoti kwamba hamasa yake imepungua. Bando nalo si bure: tangu Julai 2021 data hutozwa ushuru wa asilimia 12, na VAT ya asilimia 18 iko palepale. Mwenye kipato atavumilia. Anayetafuta kazi atachagua kati ya kupakua hifadhi ya msimbo ya megabaiti mia kadhaa na kubaki hewani wiki nzima kwenye WhatsApp, na hatuwezi kumlaumu. Kwa makundi yajayo, hesabuni laptopu kuwa mali ya mwanagenzi tangu mwanzo, au mkateni kidogokidogo kwenye posho hadi iwe yake. Mkishindwa, basi angalau mwachieni kwa miezi sita ya ziada kwa mkataba wa ukurasa mmoja. Na mfundisheni git clone --depth 1 kabla hajaondoka: inapakua hali ya sasa ya msimbo bila historia yote.

Kuhusu kumpa kitu anayejibu, tuna msimamo. Bando litumwe kabla ya maswali, kwa wote, hata kwa asiyejibu. Likitumwa baada ya majibu, mnanunua majibu, na majibu ya kununuliwa huwa matamu. Kubwa kuliko bando ni barua ya utambulisho iliyoandikwa vizuri. Nyingi tunazoziona zinasema mwanagenzi ni "mchapakazi na mwenye nidhamu", maneno yasiyomsaidia popote. Barua inayofaa hutaja mradi, tarehe, viungo vya mabadiliko matatu yaliyokubaliwa, na sentensi mbili za mlezi kueleza ugumu wa mojawapo. Iandikeni wiki ya pili baada ya kumaliza, mlezi akiwa bado anakumbuka. Baada ya mwaka hakumbuki, na mhitimu anaona haya kuomba.

Msimwambie kila mtu "omba tena mwaka kesho" bila kusoma masharti. Aliyewahi kushiriki Outreachy au Google Summer of Code hawezi kuwa mwanagenzi wa Outreachy. Google Summer of Code inampokea mtu mara mbili tu, naye awe na umri wa miaka 18 au zaidi. Sharti la kuwa mwanafunzi liliondolewa 2022. Kwenye orodha yenu iwepo safu inayoonyesha nani amekwisha kutumia nafasi ipi. Itawaokoa vijana na wiki nyingi za kuandaa maombi yasiyopokeleka. Walio na muda wa kutosha, wapeni cheo cha mlezi msaidizi kwenye kundi lijalo, saa tatu kwa wiki, kwa malipo. Mlezi msaidizi huonekana kila wiki, hivyo hakuna haja ya kumtafuta.

Wafadhili, hili ni lenu zaidi. Chukueni mfano wa kundi la watu 24. Fomu imetumwa, 9 wamejibu, 7 kati yao wana kazi. Ripoti inaandika asilimia 78. Watu hao 7 kati ya 24 ni asilimia 29, na ukweli uko mahali fulani kati ya namba hizo mbili, kwa sababu aliye na kazi nzuri hujibu upesi na aliyekwama hujificha. Hamtaujua hadi wale 15 wapigiwe simu. Dai letu ni kwamba kila ripoti iandike namba tatu zikifuatana: waliomaliza, waliopatikana, na wenye hali inayotajwa. Mratibu anayewaletea 24, 21 na 11 amefanya kazi kuliko anayewaletea asilimia 78, naye asiadhibiwe kwa kupunguziwa fedha. Waratibu huficha wasiopatikana kwa sababu mnawafundisha kuficha.

Ulizeni pia waliokatiza njiani. Hao hawamo hata kwenye 24. Mwanagenzi aliyeondoka wiki ya tano anajua kitu kuhusu mlezi asiyejibu ujumbe kwa siku nne, na hakuna fomu ya mwisho iliyowahi kumfikia.

Tarehe nazo ziangaliwe. Kundi linalomaliza mwishoni mwa Agosti linafikia mwezi wa tatu mwishoni mwa Novemba, wakati wanafunzi wengi wako kwenye mitihani. Sogezeni wiki mbili tatu.

Kisha sheria, ambayo wengi wanaiogopa bila kuisoma. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 na kanuni zake za 2021 zinawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, waombe idhini, waeleze matumizi, na wasizihifadhi kupita hitaji lake. Mwenye taarifa ana haki ya kuziona na kutaka zirekebishwe. Haya hayazuii ufuatiliaji, ila yanataka sentensi mbili kwenye fomu ya kwanza kabisa: kwamba mtamtafuta mara tano ndani ya miaka miwili, na kwamba anaweza kusema hapana wakati wowote bila kupoteza chochote. Idhini inayoombwa miaka miwili baadaye, kwa namba ambayo haikutolewa kwa kazi hiyo, ni idhini ya kuchelewa. Orodha yenye majina na simu ikae mbali na lahajedwali ya majibu, ziunganishwe kwa namba ya utambulisho ya kila mhitimu tu, na kiungo cha lahajedwali kisiwe kile cha "yeyote mwenye kiungo aone".

Msiulize swali ambalo jibu lake linaweza kumpeleka mtu polisi. Baadhi ya mipango huchagua watu kutoka makundi yanayobaguliwa, na mfadhili wa mbali anaweza kutaka namba za kila kundi. Kwa Uganda ya baada ya sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, safu hiyo isiwepo kabisa kwenye orodha yoyote, hata iliyofungwa kwa nywila. Mfadhili akisisitiza, mwonyesheni aya hii.

Makundi yanayoendelea sasa hayajachelewa, na yaliyokwisha kumaliza yanaweza kuokolewa kwa sehemu: anzeni na kundi la karibuni zaidi, walezi waulizwe namba walizo nazo, kila mhitimu anayepatikana aulizwe anawajua wenzake gani wawili. Kwa njia hiyo orodha hujazana kwa kasi ya kushangaza katika wiki mbili za mwanzo, halafu hukwama, na palipokwama ndipo penye watu wa kutafutwa kwa bidii.

Tunaomba kila mpango ututajie mambo matatu kabla ya kutangaza nafasi za kundi lijalo: cheo cha mtu atakayepiga simu, saa alizotengewa, na tarehe ya simu ya kwanza.

Wenu,

Walezi wa programu huria, Uganda